Shujaa Asiyeshindwa Apewe Kazi Gani?

Katika mchezo wa Dungeons & Dragons, kuhani aliyefika ngazi ya 17 anaweza kumrudishia uhai mtu aliyekufa miaka 200 iliyopita. Hata kama mwili umekwisha kuwa udongo, kuhani akilijua jina la marehemu na kulitamka, mwili hauhitajiki. Mganga wa ngazi hiyohiyo anaweza kutamka haja yake na ikawa. Mwenzao anayeshika upanga ameshaua majoka, na mpiga upinde wao hakosi shabaha. Watu watano wa namna hiyo wakiketi kuzunguka meza yako Jumamosi jioni, macho yote yanakuelekea wewe mwongoza mchezo. Utawapa nini ambacho hawajakishinda?

Waongozaji wengi hujibu kwa kuleta zimwi kubwa zaidi. Wiki hii joka la vichwa vitatu, wiki ijayo la vichwa saba. Nimeuongoza mchezo huu Mbinga na kando ya Ziwa Nyasa kwa muda wa kutosha kuamini kwamba njia hiyo haifiki mbali. Shujaa mkubwa anahitaji watu anaowajibika kwao, mahali anapopajua, na uamuzi ambao upanga hauwezi kumfanyia. Mwambao huu wa mkoa wa Ruvuma, kusini mwa Tanzania, kuanzia Lituhi kupitia Liuli hadi Mbamba Bay, una hazina kubwa ya mambo hayo matatu kuliko kitabu chochote cha mchezo nilichokisoma.

Mchezo wenyewe

Kwa msomaji asiyeufahamu, Dungeons & Dragons ulitungwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kuchapishwa mwaka 1974. Makao yake yalikuwa Lake Geneva, mji mdogo wa kando ya ziwa katika jimbo la Wisconsin, Marekani, na toleo la kwanza lilikuwa nakala 1,000 tu. Hauhitaji ubao wala karata. Mtu mmoja anasimulia dunia ilivyo, wengine kila mmoja anabeba mhusika wake, na msimulizi anauliza swali moja usiku kucha: unafanya nini? Jambo likiwa na shaka, dadu ya pande 20 inaamua.

Mhusika anaanzia ngazi ya kwanza, akiwa kijana anayeweza kuuawa na mbwa mwitu wawili. Akiokoka, anapanda hadi ngazi ya 20. Katika kanuni za toleo la tano, lililotoka mwaka 2014, ngazi 1 hadi 4 ni za mashujaa wa kijiji, 5 hadi 10 ni za mashujaa wa nchi, na kutoka 17 kwenda juu mashujaa wanabeba hatima ya dunia nzima. Vikao vingi hufia njiani kabla ya kufika huko, na vinavyofika mara nyingi vinaharibikia hukohuko, kwa sababu mbinu zilizofaa ngazi ya 3 hazifai tena. Mlango uliofungwa haumzuii mtu anayepita ukutani. Safari ya siku tano haimchoshi mtu anayeweza kutoka Songea na kutokea Liuli kufumba na kufumbua.

Wafalme wa mganda

Kuna watakaosema huu ni mchezo wa Wazungu usiotuhusu. Lakini wakazi wa ziwa hili wamekuwa wakijivika vyeo vya kuigiza kwa zaidi ya karne moja.

Ngoma ya beni ilianza miji ya pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa, miaka ya 1890. Vikundi vyake vilikuwa na wafalme, majenerali na makapteni ambao Jumatatu asubuhi walirudi kuwa wapagazi, makarani na mafundi. Vita Kuu ya Kwanza ikaisambaza pamoja na askari na wabeba mizigo, na kando ya Ziwa Nyasa ikazaa mganda na malipenga. Mistari ya wachezaji ikajipanga kama gwaride, na tarumbeta za wakoloni zikageuzwa vibuyu vinavyovumishwa kwa mdomo. Ukikichukua kibuyu hicho mkononi utaona tundu dogo ubavuni lililofunikwa utando mwembamba wa buibui. Mchezaji hakipulizi kama tarumbeta. Anaimba ndani yake, utando unatetema, na sauti ya mtu mmoja inatoka imenenepa kama ya bendi. Mwanaanthropolojia J. Clyde Mitchell, katika kitabu chake cha mwaka 1956 kuhusu kalela, ngoma ya ukoo huohuo wa beni huko Luanshya, Zambia, alieleza kikundi chenye mfalme, daktari wa joho jeupe, na muuguzi aliyepita katikati ya wachezaji na kioo na kitambaa ili wabaki nadhifu.

Kwa mwongoza mchezo, funzo lililomo humo ni kubwa. Mfalme wa ngoma hakuwa mfalme kwa sababu ana nguvu. Vikundi vilialikana kijiji kwa kijiji, na mwenye cheo alitakiwa kuhakikisha wageni wamekula, wamelala, na jina la kikundi halikuaibika. Cheo kilikuja na watu nyuma yake. Shujaa wako wa ngazi ya 17 akiwa hana watu nyuma yake, ni orodha ya namba kwenye karatasi.

Kwa hiyo, kabla ya kikao, mpe kila mchezaji watu. Muulize: mhusika wako akifa leo, nani atakaa matanga? Nani anamdai? Nani anamwita mwanangu? Majibu hayo yaandike, kwa sababu ndiyo utakayoyatumia kumgusa mtu ambaye mikuki haimgusi.

Usiwanyang'anye nguvu zao

Kosa la kawaida la mwongozaji mwenye hofu ni kupokonya. Anasema kwamba katika pango hili uganga haufanyi kazi, au kwamba mlango huu hauvunjwi na chochote. Mchezaji aliyesubiri mwaka mzima kupata uwezo wake anajisikia ameibiwa, na ana haki.

Acha nguvu zifanye kazi, kisha panga mambo ili nguvu zisitoshe kwa kila mahali. Njia iliyo rahisi ni kuweka mambo matatu kwa saa moja. Lituhi mitumbwi ya wavuvi wa usipa imezingirwa na mwera, ule upepo wa kusini unaochafua ziwa katikati ya mwaka. Mbamba Bay meli imetia nanga na ndani yake yumo muuaji. Juu milimani, Litembo, watu wamekimbilia mapangoni kama mababu wa Wamatengo, wenyeji wa milima hiyo, walivyokimbilia mapango na miteremko mikali wakati wa vita vya Wangoni. Mashujaa wanaweza kufika popote kwa dakika moja. Hawawezi kufika kote. Waache wabishane, na saa ikimbie mbele ya macho yao: chora duara kwenye karatasi, ligawe vipande sita, na kila wanapochelewa paka kipande kimoja rangi. Hakuna kinachoharakisha mjadala wa meza kama kipande cha tano.

Jambo lingine ni kujua uwezo wao kuliko wanavyoujua wenyewe. Wiki moja kabla, omba karatasi zao uzisome. Andika mambo ambayo kila mhusika anaweza kuyafanya na wengine hawawezi, kisha hakikisha kikao kina mahali ambapo kila moja litahitajika. Mtu anakumbuka kikao ambacho yeye alikuwa wa lazima.

Jina la marehemu

Nitaeleza sehemu ya kikao kimoja, kwa sababu maelekezo bila mfano hayasaidii.

Tulikuwa Mbinga mjini, msimu wa kuchuma kahawa, wachezaji watano wamechoka na wamevaa makoti. Hadithi ilikuwa hivi: chini ya mwamba wa Pomonda, pale Liuli, limelala joka. Zamani mwanamke mmoja alilifunga humo, naye akafia kazini. Sasa kifungo kinalegea. Juu ya ziwa lilisimama wingu la wadudu wadogo, yale mawingu ambayo kwa mbali huonekana kama moshi wa kijiji kinachoungua, na safari hii halikutawanyika.

Kuhani wa kundi, aliyechezwa na mwalimu wa shule ya msingi, alicheka kwa furaha. Ana uwezo wa kufufua, almasi ya thamani ya vipande 25,000 vya dhahabu anayo, na aliyelifunga joka alikufa ndani ya miaka 200. Atamfufua alifunge tena. Kwa kanuni alikuwa sahihi kabisa, nami nilikubali papo hapo. Kisha nikauliza: "Anaitwa nani?"

Hakuna aliyejua. Hadithi zote za mwambao zilimtaja kama yule mama. Watu wenye uwezo wa kuhamisha milima wakalazimika kushuka Lituhi kwa miguu ya kawaida, kumtafuta mzee anayekumbuka. Wakampata bibi mmoja anaanika usipa.

"Shikamoo, bibi," alisema yule mwalimu, na sauti yake ilikwisha kubadilika.

"Marahaba, wajukuu zangu. Ninyi ndio mnaoua majoka?"

"Ndiyo, bibi. Tunatafuta jina la yule mama wa Pomonda."

"Jina ninalo. Mkimwita, atarudi kufanya nini?"

"Kulifunga joka, bibi."

"Kazi ileile iliyomuua." Nikamwacha bibi ageuze samaki wake. "Na yeye mmemuuliza?"

Mezani ukazuka mjadala mrefu na wa moto kuliko mapigano yote ya mwezi ule. Kanuni yenyewe inasema roho ya marehemu lazima ikubali kurudi, kwa hiyo swali la bibi halikuwa pambo. Mwendesha bodaboda aliyecheza askari alisema mama yule ameshalipa deni lake na asisumbuliwe. Mwalimu alisema vijiji vitatu vitazama. Binti wa mkulima wa kahawa, mganga wa kundi, akauliza kama wao wenyewe wanaweza kujifunza kufunga, na gharama yake ni nini. Gharama ilikuwa mmoja wao kubaki chini ya mwamba. Walipiga kura mara mbili.

Sikuwa nimeandika mwisho. Nilikuwa nimeandika bibi, jina, na gharama. Mengine waliyaleta wao.

Adui awe mtu

Kuhusu maadui, historia ya Liuli ina mfano ambao mtunzi angeona aibu kuubuni. Wajerumani waliiita bandari hii Sphinxhafen, kwa sababu ya mwamba huohuo wa Pomonda, uliowakumbusha sanamu ya Sphinx ya Misri. Agosti 1914 meli yao Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa nchi kavu hapo kwa matengenezo. Nahodha wake, Berndt, alikuwa rafiki na mshirika wa kunywa wa Rhoades, nahodha wa meli ya Waingereza, Guendolen. Rhoades alikuwa amepata habari kwamba vita imetangazwa Ulaya. Berndt hakuwa nazo. Guendolen ikatokea na kufyatua mzinga, naye Berndt akatoka kwa mashua ndogo akifoka, akimuuliza rafiki yake kama amelewa. Akaambiwa kuna vita, na yeye ni mateka.

Uzito wote wa tukio hilo umo katika tofauti ya habari kati ya marafiki wawili. Wape mashujaa wako nafasi kama ya Rhoades: wao wanajua vita imeanza, na mlinzi wa ngome ni mtu aliyewakaribisha nyumbani kwake ngazi kumi zilizopita. Anawapungia mkono. Wanaweza kummaliza kwa pigo moja. Ngazi ya 17 haiwasaidii chochote hapo, na ndiyo maana watakumbuka.

Vita ikiwa lazima

Mapigano lazima yawepo, maana wachezaji wamekuja pia kurusha dadu. Kanuni chache zimenifaa.

Adui mmoja dhidi ya mashujaa watano atashindwa, hata awe mkubwa namna gani, kwa kuwa wao wana zamu tano na yeye moja. Watungaji wa mchezo walilijua hilo, ndiyo maana majoka makubwa yamepewa vitendo vya ziada kati ya zamu za wengine, na uwezo wa kukataa uganga mara tatu kwa siku. Vitumie vyote. Ongeza wafuasi, na weka jambo la kuokoa katikati ya uwanja: mtumbwi unaozama, watoto juu ya mwamba, daraja linalokatika.

Ardhi nayo ipigane. Huku Umatengoni kuna kilimo cha ngolo. Nyasi hufyekwa na kulazwa mistari inayokatana kama madirisha, kisha udongo huchimbwa katikati na kufunikwa juu yake, mlima mzima ukabaki na mashimo yenye matuta pembeni. Mvua ikinyesha, maji yanakaa mashimoni na kunywea taratibu, udongo haukimbii na nyasi zinaoza kuwa mbolea. Akina mama ndio wanaojua kazi hiyo zaidi. Katika kikao kingine adui alileta mafuriko ya kung'oa miteremko yote, na mashujaa wakaduwaa kuona mlima mmoja umesimama imara. Uliokolewa na majembe ya wanawake ambao hakuna aliyewaandika kwenye karatasi ya mashujaa. Tangu hapo kundi lile haliingii vitani bila kuwauliza wenyeji.

Pia tunza muda. Ngazi za juu zina dadu nyingi na hesabu nyingi, na zamu moja inaweza kula dakika kumi. Mwombe kila mchezaji aamue la kufanya wakati mwenzake anacheza, na arushe dadu ya shabaha na ya madhara kwa pamoja. Mzunguko wa tatu au wa nne ukiisha na mshindi ameshajulikana, funga mapigano kwa maneno na usonge mbele. Nguvu ya kikao iwekwe kwenye maamuzi.

Makubaliano kabla ya kuanza

Mbinga ni mji wa watu wa dini, na wazazi wana maswali. Yajibu waziwazi. Waalike waketi wasikilize kikao kimoja. Na wachezaji wenyewe wakubaliane mapema mambo yasiyoingizwa mezani. Mimi nina sharti moja nisilolilegeza: hakuna hadithi inayomtuhumu jirani halisi, ukoo halisi au mzee halisi kwa uchawi. Watu wamepoteza maisha katika nchi hii kwa maneno ya namna hiyo. Mchezo uwape vijana nafasi ya kujifunza kupima tuhuma, kusikiliza upande wa pili na kumlinda asiye na mtetezi.

Kwa upande wa vifaa, umaskini si kizuizi. Dadu ya pande 20 ikikosekana madukani, kata vikaratasi 20, viandike namba, vitie kwenye kikombe na uchote kimoja. Simu nayo ina programu za kurusha dadu. Maandalizi yangu yanatosha kwenye ukurasa mmoja: watu watatu na kila mmoja anataka nini, mahali pawili, na saa moja ya vipande sita. Ukiandika zaidi ya hapo utaanza kuwalazimisha wachezaji wafuate ulichoandika.

Mwisho wa kikao usikatike ghafla. Mpe kila mchezaji dakika moja aeleze mhusika wake anaacha nini nyuma. Mtambaji wa hadithi wa kwetu husubiri wasikilizaji waitikie "hadithi njoo" kabla hajaanza kusimulia, maana bila wao hadithi haipo. Mwongoza mchezo naye awaachie wachezaji neno la kufunga, kwa sababu hadithi ni yao.

Kazi iliyobaki

Januari 2023 wamiliki wa mchezo waliziweka kanuni za msingi za toleo la tano chini ya leseni ya wazi ya Creative Commons. Maana yake ni kwamba mtu yeyote anaruhusiwa kuzitafsiri, kuzibadili na hata kuzichapisha na kuziuza, mradi ataje chanzo. Kizuizi cha kisheria hakipo tena. Kinachokosekana ni watu wa kukaa chini na kuziandika kwa Kiswahili safi ambacho kijana wa Mbinga, Kigoma au Mombasa atakisoma bila kusita.

Nawaomba walimu wa Kiswahili, walezi wa vijana parokiani na misikitini, na waandishi wetu wa hadithi waichukue kazi hiyo. Anzeni na kurasa chache, chezeni, rekebisheni, endeleeni. Na mkishapata mashujaa wa ngazi ya juu, msiwatafutie dunia ya mbali. Kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay ni kilomita 66 za lami, na njiani mna mapango, ngolo, ziwa lenye kina kinachofikia mita 700 na wazee wanaokumbuka majina. Waendeeni wazee hao sasa, mkawaamkie na kuwauliza, kwa maana jina lisiloulizwa leo hakuna kuhani wa ngazi yoyote atakayeweza kulitamka kesho.